Kochoho Juu ya Sola

Kila alfajiri Celia aliamshwa na harufu mbili zilizochanganyika, ya vitumbua na ya mafuta ya taa. Mama yake, Ilda, alikuwa ameshainama jikoni anapika vitumbua vya kuuza barabarani, na kibatari amekisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Moshi wa kibatari ulipanda, ukagonga bati, ukarudi chini. Celia alipopenga kabla ya kwenda shule, kitambaa kilitoka na weusi.

"Mama, leo umeunguza vitatu," alisema asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja.

"Sikuviunguza, sikuviona," mama alijibu huku akikohoa. "Kibatari chenyewe kinajimulika chenyewe tu."

"Vilivyoungua vilete huku," bibi aliita kutoka uani. "Mimi na mke mwenzangu meno yetu hayachagui."

Mke mwenza wa bibi alikuwa Celia. Babu alipokuwa hai, bibi alimtania mjukuu wake kwamba wameolewa na mume mmoja, na babu alipofariki utani ule haukuzikwa naye. Bibi alivuka mto Ruvuma akiwa msichana, akitokea upande wa Msumbiji, akalima na kuzeeka hapa hapa kijijini Ziwani. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini ulimi wake bado ulikuwa mkali.

Familia ilikaa nje kidogo ya kijiji. Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia barabarani, penye duka la Zuberi, na hakuna aliyejua zitaendelea lini. Kwa hiyo simu zilichajiwa kwa Zuberi, mafuta ya taa yalinunuliwa kwa Zuberi, na betri za tochi pia. "Gesi ya umeme ya hapa jirani Madimba ilishafika Dar es Salaam zamani," mama alipenda kusema akicheka, "sisi safari yetu bado inaishia kwa Zuberi."

Ndipo Mwalimu Theresia, anayemfundisha Celia darasa la sita, akapata uhamisho wa kwenda Nanyamba. Nyumba aliyopangiwa huko ilikuwa na umeme. Akatangaza kwamba anauza sola yake: paneli moja, betri, taa nne, na waya zake zote, kwa shilingi laki mbili na themanini elfu.

Celia alikimbia nyumbani na habari hiyo hata begi hajalivua. "Baba, tuinunue! Mama ataviona vitumbua. Nami nitasoma bila kuungua nyusi!"

Baba yake, Jeronimo, alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Hata panga alilijaribu kwa jirani siku mbili kabla ya kununua. Malipo ya kwanza ya korosho alikuwa ameyapata wiki ile, nayo hayakuwa mengi. Kukosea mara moja kungemaanisha kukaa mwaka mzima bila pesa ya kufidia.

"Laki mbili na themanini ni pesa," alisema. "Kwanza nataka kujua kibatari chenyewe kinatula kiasi gani."

"Si nyingi," mama alisema. "Mia tano hapa, mia tatu pale."

"Hizo mia tatu ndizo kichwa hakizikumbuki."

Akachukua kopo tupu la maziwa, na kando yake akaweka kikapu cha korosho ndogo ndogo ambazo hazikufaa kupelekwa ghalani. "Kila shilingi mia moja inayotoka kwa ajili ya mwanga au chaji, tutatia korosho moja ndani ya kopo. Celia, wewe ndiye mtunza kopo. Hata mimi nikinunua betri ya tochi, unidai korosho."

Wiki ile Celia alimdai kila mtu. Mama alinunua mafuta, korosho zikaingia. Simu zilirudi kutoka kwa Zuberi, korosho zikaingia. Bibi alitaka kuzitafuna kabla wiki haijaisha, Celia akalikumbatia kopo. Jumapili walizimwaga mkekani wakazihesabu: sitini na tano. Shilingi elfu sita na mia tano kwa wiki moja.

Mama alizitazama akashika shavu. "Kumbe tunamlisha Zuberi!"

Siku ile ile baba alienda kuongea na Mwalimu Theresia, na Mwalimu akakubali wajaribu sola ile kwa wiki moja. "Ila Jumapili ijayo nipe jibu," alisema. "Rajabu fundi cherehani naye anaitaka, na pesa anayo. Na nisikufiche, betri imebakiza kama miaka miwili."

Jioni ile ile fundi Dickson alikuja kuifunga. Nyumba kubwa iliezekwa kwa makuti, hivyo paneli ikawekwa juu ya banda la jiko, lenye bati la chini ambalo mtu akisimama juu ya kigoda analifikia. Dickson alionyesha kisanduku alichokifunga ukutani, chenye vitaa vitatu. "Kijani, chaji imejaa. Njano, imefika nusu. Nyekundu, msiwashe kitu."

Taa ilipowaka jikoni, mama alikizima kibatari. Alizunguka akitazama kuta zake kama mgeni. Kisha akachukua ufagio akaanza kufagia masizi darini.

"Mungu wangu," bibi alisema mlangoni, "mke mwenzangu, kumbe una chunusi!"

Wakacheka mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini.

Tatizo lilianza Jumanne, na lilianza na mabibo, yale matunda ya mkorosho. Msimu wa korosho bibi hakupenda bibo lolote lioze. Korosho zikishatolewa, aliyapasua mabibo, akayakamua, akayaanika yakauke yawe kochoho, ya kulowekwa na kutiwa kwenye uji mvua zikifika na chakula kikipungua. Miaka yote aliyaanika juu ya bati la banda la jiko, maana huko mbuzi hawafiki. Sasa nusu ya bati ilikuwa imechukuliwa na sola.

"Mke mwenzangu," bibi alisema, "yanayoenea, yaanike batini asubuhi. Yanayobaki yatandike mkekani ukirudi shule, ukae uyalinde mpaka sisi turudi shambani. Usiondoke. Mbuzi wa humu wanasubiri mtu afumbe jicho moja tu."

"Sawa, bibi."

Asubuhi ya Jumanne wakubwa waliondoka kwenda kuokota korosho. Celia alisimama juu ya kigoda, akaanika mabibo kwenye bati mpaka likajaa. Beseni lilikuwa bado na nusu. Akaiangalia ile paneli. Ilikuwa nyeusi, laini, imeshaanza kupata moto. Akafikiria mchana wa kukaa na mbuzi huku rafiki yake Shadya na wenzake wanaruka kamba. Akapanga mabibo juu ya paneli, moja baada ya jingine, mpaka ikafunikwa yote.

Saa kumi, kabla wakubwa hawajarudi, aliyaondoa akayamwaga mkekani, kana kwamba yalikuwa hapo tangu mchana. Yeye alikuwa ametoka kuruka kamba, jasho linamtiririka.

"Umeyalinda?" bibi aliuliza.

"Nimeyalinda, bibi."

Bibi akayapapasa. "Loo! Ya mkekani yamekauka kushinda ya batini! Una mkono wa baraka, mwanangu. Korosho zikilipwa tena nitakununulia kanga, doti nzima."

Jumatano Celia akafanya vile vile. Alhamisi vile vile. Jioni ya Alhamisi walikuwa wanakula ugali na kisamvu, taa ikafifia, ikawa ya rangi ya chai, ikazimika. Ukutani kitaa chekundu kilikodoa.

"Labda imechoka leo," mama alisema. Akaenda kukitafuta kibatari alichokuwa amekificha nyuma ya mitungi.

Kesho yake simu zilirudi kwa Zuberi. Mafuta yakanunuliwa tena. Mabibo ya siku hiyo yalikuwa machache, yakaenea yote batini, lakini kitaa kikabaki chekundu. Celia alitia korosho koponi moja moja, na kila moja ilimwuma, lakini bado hakuelewa. Aliamini sola imeharibika.

Alielewa Jumamosi, fundi Dickson alipokuja kuangalia. Dickson alishika waya hii, akashika ile, akakuna kichwa. "Waya nzima, betri nzima. Kuna kitu kinaifunika huko juu mchana? Mti? Nguo? Sola ni kama ng'ombe wa maziwa, hula mchana ndipo ikupe jioni. Ukiizibia jua umeinyima majani."

Baba alitoka nje akatazama juu. Kutoka pale chini haikuonekana kitu. Hapakuwa na mti karibu. "Hakuna," alisema.

Celia alikuwa amekaa juu ya kigoda kile kile. Alihisi masikio yakiwaka. Akifungua mdomo, bibi angejua kwamba hakulinda kitu, kwamba siku tatu alimdanganya na kupokea sifa na ahadi ya kanga. Akauma ulimi. Akajiambia kwamba leo pia hakuanika kitu juu yake, kwa hiyo leo itajaa yenyewe, na mambo yataisha bila maneno.

Lakini jioni ile baba aliamua kuhesabu. Korosho arobaini na moja.

Alichukua kipande cha mfuko wa saruji na kalamu. "Bila sola sitini na tano. Na sola arobaini na moja. Tunaokoa korosho ishirini na nne, yaani elfu mbili na mia nne kwa wiki." Akaandika polepole, akafuta, akaandika tena. "Ili pesa ya Mwalimu irudi zinatakiwa wiki mia moja na kumi na saba. Zaidi ya miaka miwili. Na betri ina miaka miwili tu. Betri itakufa sola bado haijajilipa." Akaikunja karatasi. "Kesho tukitoka kanisani naifungua, namrudishia Mwalimu aendelee na Rajabu."

Mama alitikisa kichwa kukubali, maana hesabu ilikuwa imesema. Akakivuta kibatari, akaanza kuurefusha utambi wake. Hakulalamika. Alikohoa kidogo tu, akageuza uso pembeni ili asiwakoholee wengine. Celia alitamani mama angepiga kelele.

Jumapili waliporudi kanisani, baba alitoa spana mfukoni, akakisogeza kigoda ukutani mwa banda. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu.

"Baba, usipande."

Baba akageuka. Celia alikuwa amesimama na gauni lake la kanisani, mikono nyuma.

"Sola haina kosa. Mimi ndiye nimeifunika."

"Umeifunika na nini?"

"Na mabibo ya bibi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nilikuwa nikiyaondoa kabla hamjarudi. Fundi alipouliza nilijua, lakini nikanyamaza." Machozi yakaanza. "Na mkekani sikulinda hata siku moja. Nilikwenda kuruka kamba."

Baba akashusha mguu, akamkazia macho. Bibi aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akajikohoza. "Jeronimo, usimtazame mtoto namna hiyo. Mimi ndiye niliyesema mabibo yaanikwe juu. Macho yangu haya, nani anajua nilisema juu ya nini? Kosa ni langu."

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Celia angeweza kupita. Baba asingemwadhibu mama yake mzazi, na jambo lingeisha kwa kicheko.

"Hapana," Celia alisema. "Bibi alisema batini na mkekani. Alisema vizuri kabisa. Ni mimi."

Baba alipanda juu ya kigoda, akapitisha kidole juu ya kioo. Kidole kilinata. Utomvu wa mabibo ulikuwa umekauka kama gundi, vumbi limeshika juu yake, na sisimizi wamejipanga mstari. "Ndiyo maana hata jana haikujaa," alisema. Akashuka. Hakupaza sauti, na Celia aliona afadhali angepaza.

"Vaa viatu. Twende kwa Mwalimu. Utamweleza wewe, si mimi."

Baba alitangulia, Celia akamfuata nyuma. Walipofika, Mwalimu Theresia alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Celia alimwamkia, akaeleza yote tangu beseni mpaka sisimizi. Alipofika kwenye sisimizi, Mwalimu aligeuka akatazama dirishani, mabega yake yakatikisika kidogo.

"Rajabu anakuja leo saa kumi," Mwalimu alisema alipomgeukia tena. "Ningempa kioo chenye gundi ya mabibo, kesho angenitangaza kijiji kizima kuwa mimi tapeli. Kwa hiyo umenisaidia hata mimi." Akamtazama baba. "Nitamwomba asubiri mpaka Jumapili. Akikubali, bahati yenu. Akikataa, siwezi kumlazimisha."

Rajabu alikubali, ingawa alinung'unika, na kwa sharti kwamba ni wiki moja tu, haiongezwi hata siku.

Wiki ile Celia aliamka kabla ya mama. Alipanda kigoda kioo kikiwa bado baridi, akakisugua kwa kitambaa na maji ya vuguvugu mpaka akajiona uso. Mchana, alipotoka shule, alimsaidia bibi kufunga miti na fito wakajenga kichanja cha kuanikia, kirefu kuliko mbuzi mrefu kuliko wote. Shadya alikuja na kamba yake mkononi, akaona kazi, akaitumia ile kamba kufungia fito.

"Mke mwenzangu," bibi alisema wakifunga fundo la mwisho, "doti ya kanga nimeirudisha dukani kichwani mwangu."

"Najua, bibi."

"Lakini sijaipeleka mbali sana."

Kila jioni taa iliwaka, na kitaa cha ukutani kilipungua kutoka kijani mpaka njano, kikaishia hapo. Mama aliona vitumbua vyake kila alfajiri, hakuunguza hata kimoja, na bibi akalalamika kwamba sasa hana cha kula. Ijumaa Celia aligundua kitu kingine ambacho hakikuwemo kwenye kopo: tangu Jumatatu alikuwa hajasikia mama akikohoa.

Jumapili wakamwaga kopo. Korosho nane. Zote za betri za tochi, ambayo baba aliitumia kwenda shambani alfajiri.

"Nane!" Celia aliruka.

"Ngoja," baba alisema. "Hesabu haijaisha. Tumeokoa hamsini na saba. Lakini betri itakufa siku moja, na betri mpya ni kama laki moja." Akahesabu korosho kumi kutoka kikapuni, akazitia kwenye kopo jingine. "Hizi kumi, kila wiki, ni za betri. Hazitaliwa na mtu. Zimebaki arobaini na saba." Akaifungua ile karatasi ya saruji, akaandika upande wa pili. "Wiki sitini. Mwaka mmoja na miezi miwili hivi, sola imejilipa, na betri bado hai. Baada ya hapo pesa inabaki hapa hapa nyumbani."

Alimtazama mama, mama akamtazama yeye. Kisha baba akaingia ndani akatoka na bahasha. "Celia, twende tena kwa Mwalimu."

Jioni, jua likiwa linazama, bibi alileta korosho za zile hesabu za wiki tatu, zote isipokuwa zile za betri. "Hesabu imekwisha," alisema. "Sasa tuile." Akawasha moto uani, akazichoma zile korosho kwenye kipande cha bati kuukuu, wakakaa kuzibangua, vidole vikiwa vyeusi. Nyuma yao taa ya jikoni iliwaka, mlango ukiwa wazi.

Baba alimpa Celia korosho nzima, isiyovunjika. "Unajua mimi nilikuwa nakosea wapi wiki iliyopita?" alimwuliza. "Nilijumlisha vizuri, nikagawanya vizuri, karatasi yangu haikuwa na kosa. Lakini jibu lilikuwa la uongo, kwa sababu kuna mtu alikuwa na ukweli akauficha. Kidogo tuirudishe sola nzuri, mama yako arudi kwenye moshi. Mwanangu, kabla hujatoa pesa, hesabu yote, inayoingia na inayotoka, hata ile ya betri ambayo hakuna anayependa kuikumbuka. Na ukikosea kitu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Watu wa nyumba moja hawawezi kuamua vizuri ikiwa mmoja wao amekalia ukweli."

"Alikuwa amekalia kigoda," bibi alisema, na wote wakacheka, hata Celia.

Kisha bibi akamvuta karibu, akamfuta masizi ya korosho shavuni kwa ncha ya kanga yake. Akaitazama ile kanga, iliyochakaa pindo, akacheka peke yake.

"Mke mwenzangu," alisema, "kwenye malipo ya pili, utanikumbusha tupite dukani. Na kesho kabla ya shule, kioo usikisahau."

"Sitakisahau, bibi," Celia alisema. Naye hakukisahau.